Huharibika Kiangazi, Huvuja Masika: Sayansi ya Paa la Turubai la Gari

Katika wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, mvua hutazamiwa kati ya Novemba na Aprili, na aghalabu hupungua katikati ya kipindi hicho. Miezi inayosalia ni ya jua na vumbi. Mkulima wa pamba au wa mtama huipokea mvua ya kwanza kwa furaha. Wako wengine, hata hivyo, ambao furaha yao huchanganyika na wasiwasi, nao ni wale wenye magari ya paa la turubai. Huyu ana Land Rover ya zamani, yule ana Suzuki ndogo ya milango miwili, na mwingine ana pikapu iliyojengewa fremu ya mabomba na kuvikwa turubai. Mvua inapoanza kunyesha, maji humdondokea dereva gotini, humwingia abiria shingoni, na kesho yake sakafu ya gari hunuka kuvu.

Malalamiko ya wenye magari hayo yanafanana kila mahali. Wa kwanza husema: “Nimeshona turubai jipya mwaka jana, na bado linavuja.” Wa pili husema: “Gari likisimama halivuji, likienda mbio ndipo maji yanapoingia.” Wa tatu husema: “Turubai ni kavu kabisa kwa ndani, lakini sakafuni mna dimbwi.” Mara nyingi lawama humwangukia fundi wa cherehani, na mwenye gari huenda kwa fundi mwingine, hulipa upya, na hupata matokeo yale yale.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba malalamiko yote matatu yana sababu zinazojulikana katika fizikia na kemia, na kwamba sababu hizo huanza kufanya kazi miezi mingi kabla ya tone la kwanza kuanguka. Mvua haiharibu paa la turubai. Mvua hufichua tu yale yaliyokwisha kufanywa na kiangazi.

Asili ya paa la nguo

Magari ya kwanza yalikuwa ya wazi, kama mikokoteni ya farasi iliyoyatangulia, na paa lake lilikuwa nguo iliyonyoshwa juu ya mataruma ya mbao au chuma. Ni katikati ya miaka ya 1920 tu ambapo magari ya paa gumu yalianza kuwa mengi kuliko ya wazi katika viwanda vya Marekani. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, nayo ilikuwa na paa la turubai, na kwa sura hiyo ilienea katika Afrika Mashariki.

Nguo isiyopitisha maji ilipatikana kabla ya gari. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipata hataza ya kubandika tabaka la mpira katikati ya nguo mbili. Mpira huo ulikuwa na kasoro kubwa: ulinata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Kasoro hiyo ilipata dawa baada ya Charles Goodyear wa Marekani kugundua, mwaka 1839, kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa huwa imara na wenye kunyumbuka. Tangu hapo, paa la kukunja limetegemea vitu viwili: nguo inayozuia maji, na mpira unaoziba maungio.

Nilipokuwa masomoni Ulaya niliona kwamba hata wenye magari ya fahari yenye paa la kukunja kwa mota walilalamika kama wanavyolalamika watu wa Shinyanga. Hilo si jambo la kushangaza. Gari la paa la bati lina ganda moja lililochomelewa, lakini gari la paa la nguo lina maungio mengi ambayo hufunguliwa, hukunjwa na kufungwa tena. Kila ungio ni mlango ambao maji yanaweza kuupata.

Kwa nini tundu dogo huzuia maji?

Turubai lililofumwa kwa nyuzi lina matundu madogo kila mahali. Je, kwa nini halivuji kama chekecheke? Jibu ni mvutano wa uso wa maji. Chembe za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe, na kwa hiyo uso wa maji hufanya kama utando mwembamba uliovutwa. Iwapo nyuzi zimetiwa nta au dawa inayokataa maji, utando huo hugoma kuingia katika tundu hadi usukumwe kwa kanieneo la kutosha.

Kadiri tundu linavyokuwa dogo, ndivyo kanieneo linalohitajika linavyokuwa kubwa. Kwa nguo iliyotiwa nta, hesabu huonyesha kwamba tundu lenye kipenyo cha sehemu moja ya kumi ya milimeta linaweza kuzuia maji yenye kina cha sentimeta 10 hivi. Tundu la milimeta 1 huzuia sentimeta 1 tu. Tukumbuke basi kwamba turubai lililolegea hufanya bonde katikati ya mataruma, na bonde hilo hukusanya maji. Dimbwi lenye eneo la nusu meta mraba na kina cha wastani cha sentimeta 4 lina uzito wa kilo 20. Uzito huo hulivuta turubai, hupanua matundu, na huzidisha bonde lenyewe. Kwa hiyo turubai lililokazwa vizuri huzuia maji kuliko turubai zito lililolegea.

Wale waliowahi kulala ndani ya hema la pamba wanajua kwamba ukiligusa kwa kidole wakati wa mvua, maji huanza kudondoka pale pale. Kidole huvunja utando wa maji uliokuwa umezuiwa katika tundu, na maji hupata njia. Ndivyo inavyotokea pia pale taruma la chuma linapogusana na turubai, au mzigo unapolisukuma kutoka ndani.

Pamba na plastiki

Kwa mwananchi wa Kishapu, zao lake lenyewe linaingia katika habari hii, kwani turubai la asili ni pamba. Uzi wa pamba ukilowa hunywa maji na kunenepa, lakini urefu wake hauongezeki sana. Unenepo huo hubana matundu yaliyo kati ya nyuzi. Ndiyo sababu turubai jipya la pamba huweza kupitisha matone katika mvua ya kwanza kisha likaacha. Watu wengi hudhani limevuja kwa ubovu, kumbe lilikuwa bado halijajibana. Mafundi wa zamani walikuwa na desturi ya kulilowesha turubai jipya na kulikausha kabla ya kulitumia, na desturi hiyo ina msingi wa kisayansi.

Maturubai mengi ya siku hizi hufumwa kwa nyuzi za polyesta na kupakwa plastiki aina ya PVC. Ni mepesi kuyasafisha, hayaozi, na yakiwa mapya hayapitishi maji hata kidogo. Lakini nyuzi za polyesta hazinenepi zikilowa. Usalama wote umo katika ule mpako wa plastiki. Mpako ukipasuka, hakuna kitu kitakachoziba ufa. Wazee wanaposema kwamba maturubai ya zamani yalikuwa bora wana sehemu ya ukweli, ingawa wanasahau kwamba turubai la pamba ni zito, husinyaa, na huoza upesi likikunjwa likiwa na maji.

Tusisahau mshono. Mshono wa urefu wa meta 6, ukiwa na tundu la sindano kila milimeta 4, una matundu 1,500. Mshonaji akitumia uzi mwembamba wa sintetiki na sindano nene, kila tundu hubaki wazi kandokando ya uzi. Uzi wenye pamba hunenepa ukilowa na kuziba tundu lake. Hapo ndipo yalipo majibu ya mwenye lalamiko la kwanza: nguo mpya haina kosa, lakini mishono yake haikuzibwa.

Kazi ya kiangazi

Sasa tuutazame msimu ambao mwenye gari huwa hana shaka yoyote. Kishapu ipo takribani nyuzi tatu na nusu kusini ya Ikweta, juu ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Ile mara ya Oktoba huangukia mwisho wa kiangazi, wakati mawingu ni machache na turubai limekwisha kukaa juani kwa miezi mingi.

Jua hulishambulia paa kwa njia mbili. Kwanza ni joto: nguo nyeusi iliyoachwa juani saa za mchana inaweza kupata joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi. Pili ni miale ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni, lakini ina nguvu ya kukata minyororo mirefu ya molekuli zinazounda nyuzi, plastiki na mpira. Uzi wa mshono ndio unaoumia mapema, kwa kuwa ni mwembamba na umelala juu ya nguo bila kinga.

PVC kwa asili ni kitu kigumu. Hulainishwa kiwandani kwa kutiwa vilainishi vya mafuta. Joto la miaka kadhaa huvitoa vilainishi hivyo kidogo kidogo. Plastiki hubaki ngumu, hunywea, kisha hupasuka pale inapokunjwa. Kunywea huko, hata kukiwa kwa sentimeta moja tu, hulivuta turubai na kuliondoa katika ukingo wa kioo cha mbele.

Mipira ya kuzibia milango na vioo hupatwa na masaibu yake. Mpira huziba kwa sababu umekandamizwa na unasukuma kurudi katika umbo lake. Ukikaa umekandamizwa kwenye joto kwa muda mrefu husahau umbo hilo, hubaki bapa, na haugusi tena kioo. Aidha, hewa ina gesi ya ozoni kwa kiasi kidogo, nayo huukata mpira asilia uliovutwa, ukatokea mpasuko mwingi mdogo kama ufa wa udongo wa mbuga wakati wa ukame.

Mwisho ni vumbi. Barabara za udongo zinazounganisha Mhunze, Maganzo, Mwadui na vijiji vya jirani hutoa vumbi laini linalopenya kila mahali. Vumbi lililonaswa katika kunjo la turubai hufanya kazi ya msasa kila gari linapotikisika. Lililonaswa chini ya mpira huuinua na kuacha upenyo. Lililoingia katika vijitundu vya kutolea maji hugeuka tope mvua inapoanza, kisha hukauka kama tofali.

Kwa nini huvuja gari likiwa mbioni?

Tulijibu sasa lalamiko la pili. Mwaka 1738 Daniel Bernoulli alichapisha kitabu chake juu ya mwendo wa vioevu, ambacho kinatusaidia kuelewa kwamba hewa inayopita kwa kasi juu ya paa ina kanieneo dogo kuliko hewa iliyotulia ndani ya gari. Hewa ya ndani hulisukuma turubai kwenda juu, likatuna kama tanga la jahazi.

Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, kanieneo linalotokana na mwendo wa hewa katika mwinuko wa Kishapu ni paskali 260 hivi. Tuseme kwamba nusu yake tu, yaani paskali 130, inafanya kazi juu ya eneo la meta mraba 2 za paa. Nguvu itakayolinyanyua turubai italingana na uzito wa kilo 26. Mwendo ukipunguzwa hadi kilometa 40, nguvu hiyo hubaki robo, sawa na kilo 6 na nusu. Turubai lililonywea na vifungo vilivyolegea haviwezi kustahimili mvuto huo, na upenyo hufunguka pale juu ya kioo cha mbele. Wakati huo huo upepo huyasukuma maji yapande juu ya kioo, moja kwa moja kuelekea upenyo ule. Gari likisimama, turubai hulala mahali pake na upenyo hutoweka. Fundi anayelikagua gari likiwa limesimama hataona kitu, wala hatakuwa amesema uongo.

Maji hayatokei yalipoingilia

Lalamiko la tatu ndilo linalowapotosha watu wengi zaidi. Maji yakiingia katika mshono hayalazimiki kudondoka hapo hapo. Hufuata uzi, kama mafuta ya taa yanavyoufuata utambi, kisha hufuata taruma la chuma, hushuka ndani ya nguzo ya mlango, na kutokea sakafuni umbali wa meta moja au mbili kutoka mahali yalipoingilia.

Kadhalika, magari mengi ya paa la kukunja yametengenezwa kwa kukubali kwamba maji kidogo yatapita chini ya mpira. Kuna mfereji wa kuyapokea na mabomba membamba ya kuyatoa nje. Mabomba hayo yakizibwa na vumbi na majani, mfereji hujaa na kufurika ndani. Wala hapana kosa lolote katika turubai. Mwenye gari hununua turubai jipya, na sakafu huendelea kulowa. Baadhi hufikia hatua ya kutoboa sakafu ili maji yatoke. Tundu hilo halizuii maji kuingia, na hukaribisha vumbi na matope kutoka chini. Tena, bati lililotobolewa bila kupakwa rangi huanza kutu kwenye ukingo wa tundu.

Hasara ya maji ya sakafuni hupita usumbufu. Zulia lililolowa hushikilia unyevu kwa siku nyingi, bati la chini huliwa na kutu pole pole bila kuonekana, na viungio vya nyaya za umeme hupata ukungu wa kijani. Gari ambalo lingeweza kudumu miaka mingi huoza kuanzia chini, huku mwenyewe akitazama juu.

Jinsi ya kuutafuta mlango wa maji

Kipimo kifuatacho hakihitaji chombo cha gharama. Kinahitaji watu wawili, ndoo au mpira wa maji, kurunzi, chaki na subira.

Kwanza, toa zulia na ukaushe ndani ya gari kabisa. Paka unga wa chaki katika mataruma, nguzo na kingo za ndani. Maji yakipita yataacha mstari unaoonekana. Mtu mmoja akae ndani na kurunzi. Wa pili amwage maji taratibu akianzia chini ya mlango, kisha kioo, kisha ukingo wa kioo cha mbele, na mwisho juu ya paa. Kila mahali asubiri dakika kadhaa kabla ya kupanda. Akianzia juu, maji yatateremka kila mahali na haitajulikana yameingilia wapi.

Pili, pima mipira. Weka kipande cha karatasi kati ya mpira na kioo, funga mlango, kisha uivute karatasi. Ikishikwa, mpira unakandamiza vizuri. Ikitoka bila kizuizi, hapo pana mlango wa maji. Rudia kila baada ya sentimeta 10 na utie alama.

Tatu, mwaga kikombe cha maji katika mfereji wa paa na uangalie chini ya gari. Yasipotoka, bomba limeziba. Lizibue kwa pampu ya baiskeli au waya laini wenye ncha iliyokunjwa. Waya mgumu hulitoboa bomba na kuleta uvujaji mpya.

Matengenezo na kinga

Mishono ya turubai la pamba yaweza kusuguliwa nta ya nyuki, ambayo wafugaji wa nyuki wa Tabora huizalisha, kisha ikapashwa moto kidogo ili iingie katika matundu. Nguo yenyewe yaweza kutibiwa kwa njia ya zamani: huloweshwa maji ya sabuni na kukaushwa, kisha hupakwa maji yaliyoyeyushwa shabu, yaani ile chumvi ya mawe inayotumiwa kutuliza maji machafu. Sabuni na shabu huungana ndani ya nyuzi na kufanya sabuni ya alumini, ambayo haiyeyuki katika maji na huyakataa. Njia hiyo haifai kwa turubai la PVC. Hilo huzibwa kwa kiraka cha aina yake na gundi yake, kiraka kikatwe pembe za mviringo ili kisibanduke.

Mipira isipakwe oili ya injini wala grisi, kwani mafuta ya petroli huuvimbisha na kuuozesha mpira asilia. Ioshwe kwa maji na sabuni laini, kisha ipakwe gliserini au mafuta ya silikoni. Turubai lisioshwe kwa petroli, na lisikunjwe likiwa limelowa au likiwa na vumbi.

Juu ya yote hayo, gari lipewe kivuli. Banda la nyasi au mwarobaini uliostawi hupunguza joto na miale kwa kiasi ambacho hakuna dawa ya dukani itakayokifikia. Na tarehe ya kulikagua paa iwe Septemba au Oktoba, si siku ile ya mawingu mazito ya Novemba ambapo kila fundi ana foleni.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwenye gari la turubai ana sababu ya kuizingatia methali hiyo kwa maana yake ya wazi kabisa. Kabla hajamlaumu fundi, na kabla hajafungua mkoba kununua turubai jingine, inampasa ajue maji yanaingilia wapi. Kipimo cha ndoo na chaki huchukua asubuhi moja. Mara nyingi kitamwonyesha kwamba turubai lake bado ni zima, na kwamba kinachotakiwa ni nta ya mshono, mpira mpya wa kioo, au bomba lililozibuliwa.